Kwa nini walowezi wa New England waliweka dohani katikati ya nyumba, na wa Virginia wakaitoa nje ya ukuta?

Boriti Tatu (#1)

Habari za leo wanajukwaa. Naomba tujadili nyumba za walowezi wa Kiingereza katika makoloni ya Amerika kabla ya 1776, na hasa jambo moja ambalo waandishi wengi hulitaja kwa sentensi moja na kulipita: mahali pa kuweka dohani.

Chukueni nyumba ya familia ya Fairbanks kule Dedham, Massachusetts, mojawapo ya makoloni ya kaskazini yaliyoitwa New England. Pete za miti katika mbao zake zimepimwa na kuonyesha kuwa ilijengwa kati ya 1637 na 1641, na dohani yake kubwa ya matofali imesimama katikati ya jengo. Katika nyumba za namna hiyo, ukifungua mlango wa mbele huingii ukumbini moja kwa moja. Unaingia kwenye kijichumba cha kuingilia, ambamo ngazi iliyojikunja imeegemezwa kwenye matofali ya dohani, na kuna mlango mmoja kuliani na mwingine kushotoni. Chumba kimoja ndicho walimopikia, walimolia na walimofanyia kazi. Cha pili kilikuwa cha heshima, na humo ndimo kilimowekwa kitanda kikubwa cha wenye nyumba, ambacho mara nyingi ndicho kilichothaminiwa kuliko samani nyingine zote katika orodha za mirathi. Meko za vyumba hivyo viwili zimepeana migongo ndani ya dohani hiyo moja.

Sasa njooni Virginia, huko kusini. Nyumba ya Arthur Allen katika wilaya ya Surry, iliyojengwa 1665 na ambayo baadaye ilijulikana kama Bacon's Castle, ina dohani mwisho wa mashariki na mwisho wa magharibi, zote zimejitokeza nje ya ukuta, na kila moja imegawanyika huko juu kuwa minara mitatu iliyokaa kimshazari. Nyumba za wakulima wa tumbaku, ambazo hazikuwa na fahari hiyo, nazo zilizidi kufuata utaratibu huo kadiri karne ilivyosonga.

Wote hawa walikuwa Waingereza, wa karne moja, chini ya taji moja. Jibu la haraka ni kwamba kaskazini kuna baridi na kusini kuna joto. Mimi nadai kuwa jibu hilo halitoshi. Karibuni.

Dada wa Worcester (#2)

Ahsante kwa uzi, Boriti. Ninaishi Massachusetts, na naomba niitetee baridi, kwa sababu wengi wanaoibeza hawajawahi kuishi nayo.

Rundo la matofali lenye upana wa zaidi ya mita mbili, likiwashiwa moto tangu alfajiri, hubaki na uvuguvugu usiku kucha. Likiwa katikati, uvuguvugu huo huenda vyumbani kulia na kushoto, na sehemu yake hupanda ghorofani. Likiwa nje ya ukuta, unaota moto kwa upande mmoja huku upande wa pili ukiyeyushia theluji ya jirani.

Virginia walikuwa na shida iliyo kinyume. Kiangazi chao ni cha jua na unyevu, na chakula lazima kipikwe hata siku ambayo hutaki kuuona moto. Hugh Jones, aliyefundisha katika chuo cha William and Mary, aliandika mwaka 1724 kwamba nyumba za huko kwa kawaida zilikuwa na njia inayokatiza katikati ili upepo upenye wakati wa kiangazi. Jiulize njia hiyo ingepita wapi kama katikati pamekaliwa na dohani.

Ndugu Darubini (#3)

Dada wa Worcester, hoja ya upepo naikubali, lakini hoja ya joto inasifiwa kupita kiasi. Jaji Samuel Sewall wa Boston aliandika katika shajara yake, Januari 1716, kwamba siku ile ya Jumapili mkate wa meza ya Bwana uliganda, na kwamba jioni wino wake ulikuwa ukiganda kiasi cha kumzuia kuandika, ingawa alikuwa ameketi karibu na moto mzuri katika chumba cha mkewe. Huyo ni mtu mwenye uwezo, ndani ya nyumba nzuri, mbele ya meko.

Meko za wakati ule zilikuwa pana na zenye kina, koo lake likiwa wazi, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto ilipanda na moshi na kuvuta hewa baridi kupitia nyufa za milango. Benjamin Franklin alipotangaza jiko lake la chuma katika kijitabu cha 1744, alikuwa akililalamikia tatizo hilo hilo, tena akiwa Philadelphia, kusini mwa Boston. Kama lengo la walowezi lilikuwa joto, walikuwa na njia nyingine za kulipata: kupunguza koo la meko, kushusha dari, kupunguza madirisha. Dari walishusha kweli na madirisha waliyafanya madogo, lakini hata hapo sababu haikuwa moja, kwa maana kioo kilitoka ng'ambo kwa gharama. Edward Winslow wa Plymouth aliwaandikia wageni waliokuwa wakija, mwaka 1621, wabebe karatasi na mafuta ya kitani kwa ajili ya madirisha.

Kijiti cha Pili (#4)

Kwa hiyo mtu anaganda mbele ya moto, halafu mjukuu wake anatuambia babu alikuwa mtaalamu wa joto. Endeleeni, nimekaa.

Kalamu ya Mwanzi (#5)

Wanajukwaa, mnajadili hali ya hewa ya Amerika ilhali mafundi wale walijifunza kazi Uingereza. Nyumba yenye mlango unaotazamana na dohani ya kati, na chumba kila upande, ilikuwa imekwisha kuenea mashariki na kusini-mashariki mwa Uingereza tangu nusu ya pili ya karne ya 16. Essex na Suffolk zimejaa nyumba hizo, na huko ndiko walikotoka Wapuritani wengi (Waprotestanti wa Kiingereza waliotaka kulitakasa kanisa lao) wa miaka ya 1630. Walikuja kwa familia nzima, wakifuatana na maseremala wao, na seremala yule akaunganisha boriti kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Nyumba ya mchungaji Capen kule Topsfield, ya mwaka 1683, ina ghorofa ya juu iliyochomoza mbele kuliko ya chini, na chini ya uchomozo huo kuna vining'inio vya mbao vilivyochongwa. Hakuna hali ya hewa iliyodai vining'inio. Ni mazoea ya nyumbani.

Virginia ilipata watu wa aina nyingine: vijana wengi wa kiume, vibarua wa mkataba waliopandia meli London na Bristol, na mabwana wachache kutoka kusini na magharibi mwa Uingereza, ambako dohani ya mwisho wa nyumba ilikuwa jambo la kawaida. Kwangu mimi swali limejibiwa.

Ndugu Darubini (#6)

Halijajibiwa, mkuu. Kent nayo ni kusini-mashariki na ina nyumba nyingi za dohani ya kati, na Virginia haikukosa watu wa Kent. Upande wa pili, Massachusetts ilipokea watu wa Dorset na Devon tangu miaka ya mwanzo. Zaidi ya hapo, uchimbaji wa akiolojia katika eneo la ghuba ya Chesapeake, yaani Virginia na jirani yake Maryland, umeonyesha kuwa katika karne ya 17 zilikuwepo nyumba za dohani ya kati hata huko, kisha zikapungua. Mazoea ya nyumbani yanaeleza walichokuja nacho watu. Hayaelezi kwa nini kundi moja lilikiacha na jingine likakishikilia.

Mzee Chokaa (#7)

Salamu kwenu vijana. Mimi ni mwashi, na nimeona mnazungumza juu ya dohani kama kwamba hujisimamia yenyewe. Ulizeni kwanza ilijengwa kwa udongo wa namna gani.

Massachusetts ya mwanzo haikuwa na chokaa ya kutosha. Walichoma magamba ya chaza na kombe walipoyapata, na mawe ya chokaa ya Newbury hayakugunduliwa hadi karibu mwisho wa karne. Kwa hiyo dohani nyingi zilijengwa kwa tope la udongo wa mfinyanzi ndani ya nyumba, na chokaa ikawekwa kwa sehemu iliyotokeza juu ya paa peke yake, kwa kuwa huko ndiko inakonyeshewa. Mwashi yeyote anafahamu kwamba tope la udongo likifunikwa na nyumba hudumu miaka mingi, bali likipigwa na mvua na baridi ya kuganda na kuyeyuka, huoshwa hadi matofali yakabaki yanashikana kwa adabu tu. Ukiwa huna chokaa, akili inakuambia uifiche dohani ndani.

Sasa tazameni Rhode Island, ambayo ni New England ile ile na baridi yake ni ile ile. Huko, karibu na Providence, kulikuwa na mawe ya chokaa mahali panapoitwa leo Lincoln, na yalichomwa tangu karne ya 17. Nyumba zao mashuhuri za wakati huo zina ukuta mmoja mzima wa mawe ambao ndani yake mna dohani, nao uko mwisho wa nyumba, umekaa wazi mvuani. Nyumba ya Eleazer Arnold ya 1693 iko hivyo. Baridi haikubadilika kwa kuvuka mpaka wa koloni. Kilichobadilika ni chokaa.

Boriti Tatu (#8)

Shikamoo Mzee Chokaa, na ahsante sana. Hili la Rhode Island lilikuwa halijanifikia, na kwa kweli linawabana wote wawili, Dada wa Worcester na Kalamu ya Mwanzi.

Kalamu ya Mwanzi (#9)

Halinibani hata kidogo. Watu wa Rhode Island ndio waliofukuzwa au waliojitoa Massachusetts kwa ugomvi wa dini, na wapo wanaosema kuwa waashi wao walitoka sehemu za Uingereza zenye majengo ya mawe. Chokaa na asili ya mafundi vinaweza kwenda pamoja.

Dada wa Worcester (#10)

Nami halinibani, Boriti. Meko ya nyumba hizo ni ya kutisha kwa ukubwa, inashika karibu upana mzima wa chumba. Huenda walilipia baridi kwa kuni. Mwenye msitu nyuma ya nyumba hahesabu magogo.

Ndugu Darubini (#11)

Mzee Chokaa, shikamoo. Hoja yako ni nzuri kwa New England, lakini ikifika Virginia inachechemea. Ni kweli kwamba Virginia walikuwa na magamba ya chaza mengi na walichoma chokaa kwayo. Hata hivyo, nyumba nyingi za karne ya 17 kule hazikuwa na dohani ya matofali. Zilikuwa nyumba za nguzo zilizochimbiwa ardhini, kuta zake mbao nyembamba zilizopasuliwa, na dohani yake miti na fito zilizokandikwa udongo, kama kiambaza. Kwa kanuni yako, dohani ya udongo ndiyo iliyopaswa kufichwa ndani kuliko zote, nao wakaiweka nje.

Maelezo yangu ni moto. Dohani ya miti ikishika moto katikati ya nyumba, nyumba imekwisha. Ikiwa nje, tena imeinamishwa kidogo mbali na ukuta na kuegemezwa kwa nguzo, unaisukuma ikaanguka uwanjani, kisha unajenga nyingine. Boston walikuwa na hofu hiyo hiyo, ila wakaitatua kwa amri: baada ya nyumba kuungua mwaka 1631, walikataza dohani za mbao na mapaa ya nyasi. Ukilazimishwa kujenga kwa matofali, unaweza kuiweka dohani popote. Virginia hawakuwa na mji wa kuwalazimisha, kila mtu alikuwa peke yake na shamba lake la tumbaku.

Mzee Chokaa (#12)

Marahaba. Ila mimi nilisema ya mwashi. Hiyo unayoieleza ni kazi ya mtu aliyeshindwa kumlipa mwashi.

Sandarusi Mbichi (#13)

Naomba kuongeza upande wa ndani ya nyumba. Nimesoma kwamba samani za matajiri wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, zilipakwa vanishi iliyotokana na sandarusi ya Zanzibar, na kwamba fedha za biashara ya pwani yetu ndizo zilizojenga majumba yao yenye meko za marumaru. Je, hatuwezi kusema kuwa nasi tumo katika nyumba za kikoloni za Amerika?

Binti Ramani (#14)

Kaka Sandarusi, tumo Salem, lakini si katika enzi inayozungumzwa. Merikebu za Salem zilianza kuzoea Zanzibar katika miaka ya 1820, mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na Richard Waters wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko mwaka 1837. Sandarusi ilikwenda Salem kusafishwa, hilo ni kweli, lakini wakati huo makoloni yalikuwa yamekwisha kuwa nchi huru kwa zaidi ya nusu karne. Samani za kikoloni zilitegemea bahari nyingine: karne ya 17 ilikuwa ya masanduku na makabati mazito ya mwaloni, mengine yakipakwa rangi nyekundu na nyeusi, na kuanzia miaka ya 1720 mninga wao ukawa mahogani kutoka Jamaika na visiwa jirani, ambao ulikatwa na watumwa.

Na hapo ndipo ninapotaka kuingilia mada yenyewe, kwa sababu posti 13 zimepita na neno watumwa halijatajwa.

Robert Beverley, Mvirginia mwenyewe, aliandika mwaka 1705 kwamba kazi zote za kupika, kufua na maziwa zilifanyiwa katika vibanda vilivyotengwa na nyumba ya kuishi, ili nyumba ibaki na ubaridi na harufu nzuri. Watu hunukuu ubaridi na kuishia hapo. Mimi nasoma mwaka. Katika mwaka huo huo wa 1705, bunge la Virginia lilikusanya sheria za utumwa kuwa kanuni moja kali. Miaka arobaini au hamsini kabla yake, bwana na vibarua wake wa Kiingereza walikula na kulala chini ya paa moja. Kadiri Waafrika walivyochukua nafasi ya vibarua hao, jiko likahamia ng'ambo ya uwanja, na juu yake, darini penye joto na moshi, wakalazwa wapishi. Nyumba iliyokuwa na jiko ndani ilihitaji meko kubwa katikati ya maisha ya kila siku. Nyumba ambayo chakula huja kimebebwa na mtu inahitaji meko ndogo za kuota tu, na hizo unaweza kuzibandika mwishoni ukabaki na njia ya kupokelea wageni. Ile njia ya Hugh Jones haikupitisha upepo peke yake. Mtu asiyestahili kuingia chumbani alisimamishwa hapo akangoja.

Dada wa Worcester (#15)

Binti Ramani, umenifundisha, lakini Bacon's Castle ni ya 1665, miaka arobaini kabla ya kanuni hizo. Dohani zake zilikuwa mwishoni tayari.

Binti Ramani (#16)

Ni kweli, na sikusema kwamba utumwa uliigundua dohani ya mwisho wa nyumba. Nasema kwamba kati ya mitindo miwili iliyokuwepo, jamii ile ilikuwa na sababu ya kuuchagua mmoja. Ndugu Darubini mwenyewe katika #6 amekiri kwamba dohani ya kati ilikuwepo Chesapeake kisha ikapungua. Ilipungua lini, na kitu gani kingine kilikuwa kikibadilika wakati huo?

Kama unataka mfano wa upande wako wa nchi, nenda Medford. Isaac Royall alikuwa mfanyabiashara huko Antigua. Alinunua shamba Medford mwaka 1732, akahamia na familia yake 1737, pamoja na watumwa wasiopungua 27. Karibu na jumba lake kuna jengo lililokuwa makazi ya watumwa na jiko la nje, na lipo hadi leo. Hiyo ni Massachusetts, penye baridi yako yote.

Dada wa Worcester (#17)

Nimekwisha kufika hapo. Lakini kumbuka kwamba jiko la nje Massachusetts lilitumika pia kama jiko la kiangazi, na mwenye jumba kama lile alikuwa na meko nyingine ndani. Si ushahidi safi kama unavyoufanya.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mambo ya kuishi, niseme langu. Nyumba tunayopanga hapa ni ya zamani, si ya kikoloni lakini imejengwa kwa mpango huo wa dohani katikati, na siku hizi dohani hiyo imezibwa. Fundi aliyekuja kupitisha mabomba ya mashine ya joto alizunguka siku nzima akitafuta njia, kwa sababu katikati ya nyumba pamejaa tofali tupu. Ngazi ni nyembamba mno, hata kitanda tulikipandisha kwa kukitenganisha vipandevipande. Yaani hata kama dohani ile haikuwa na faida ya joto, iliamua kila kitu kingine: upana wa ngazi, mahali pa mlango, hata mahali ambapo mgeni anavulia viatu.

Kijiti cha Pili (#18)

Nami nina swali la msomaji wa pembeni. Zile nyumba za New England zenye paa fupi mbele na refu nyuma, hadi karibu kugusa ardhi, ambazo Wamarekani huzifananisha na kisanduku cha chumvi, nimesikia zilijengwa hivyo kukwepa kodi ya Malkia Anne juu ya nyumba za ghorofa mbili. Kwamba nyuma ilihesabika ghorofa moja. Ni kweli?

Ndugu Darubini (#19)

Hapana. Anne alitawala kuanzia 1702 hadi 1714, na mapaa ya namna hiyo yalikuwepo kabla yake. Nyumba ya Boardman kule Saugus ilijengwa karibu 1692 na ikaongezewa upenu wa nyuma kabla ya karne kwisha. Aidha, kodi za Massachusetts zilitozwa na baraza la koloni lenyewe. Sababu ni ya kawaida kabisa: familia ilitaka jiko lipate chumba chake, kwa hiyo wakavuta kipaa cha nyuma juu ya upenu, na jiko likapata meko kwa kutoboa mgongo wa dohani ile ile ya kati. Mtindo ulipozoeleka, watu wakaanza kujenga nyumba mpya zikiwa hivyo tangu msingi.

Kila nyumba yenye umbo lisiloeleweka hutafutiwa kodi. Charleston, South Carolina, kuna nyumba nyembamba zinazoipa barabara ubavu, na varanda ndefu ikielekea uani. Nako wanasema ni kodi ya upana wa mbele, wakati viwanja virefu vyembamba na upepo wa bahari vinatosha kueleza sehemu kubwa. Kodi ya kweli iliyohesabu nyumba na kupima madirisha ni ile ya serikali ya shirikisho ya 1798, na makoloni yalikuwa yamekwisha kufa.

Kalamu ya Mwanzi (#20)

Hilo la jiko kupata meko kwa kutoboa mgongo wa dohani naomba lisipite hivi hivi. Linaonyesha kuwa dohani ya kati ina ulafi: ukishakuwa nayo, kila chumba kipya unakibandika juu yake. Hiyo inaweza kueleza kwa nini New England hawakuiacha, hata kama mwanzo ilikuwa ni mazoea tu.

Na kwa wanaodharau mazoea, nendeni Pennsylvania. Nyumba ya Hans Herr katika wilaya ya Lancaster, ya 1719, ni ya Wamenno, wafuasi wa dhehebu la Kiprotestanti, waliozungumza Kijerumani. Dohani yake iko katikati, lakini mpangilio wa ndani haufanani na wa Kiingereza. Unaingia jikoni moja kwa moja, na nyuma ya meko kuna sebule iliyopashwa joto kwa jiko la mabamba ya chuma lililopenya ukutani na kulishwa makaa kutoka upande wa jikoni. Moshi haukuingia sebuleni kabisa. Majirani zao Waingereza walikuwa wakiganda katika hali ya hewa ile ile, wakaendelea na meko wazi kwa sababu walipenda kuuona moto. Kama baridi ndiyo fundi mkuu, kwa nini iliwafundisha Wajerumani peke yao?

Mzee Chokaa (#21)

Hapo Kalamu umesema. Watu hawanunui joto, wananunua moto.

Binti Ramani (#22)

Kuna jambo la karne ya 18 ambalo naona halijawekwa mezani. Mtindo wa Kijojia, ulioitwa kwa jina la wafalme wa Uingereza walioitwa George, ulipofika, ulidai uso wa nyumba uwe na ulinganifu, mlango katikati, njia pana nyuma yake, ngazi ya fahari inayoonekana na mgeni, na madirisha ya kusukuma juu badala ya yale ya vipande vya almasi vilivyoshikwa kwa madini ya risasi. Kuta za vyumba vya mbele zikavikwa mbao za paneli, na meko ikageuka pambo lenye fremu. Nyumba ya McPhedris kule Portsmouth, New Hampshire, iliyoanza kujengwa 1716, ina njia ya kati na dohani kwenye kuta za mwisho. New Hampshire iko kaskazini mwa Boston! Matajiri wa New England waliitoa dohani katikati mara tu fasheni iliporuhusu, na hawakufa kwa baridi.

Dada wa Worcester (#23)

Matajiri, ndiyo, kwa kuwa waliweza kulipia kuni za meko nane. Wakulima wa kawaida waliendelea na dohani ya kati hadi baada ya uhuru, pamoja na zile nyumba fupi za Cape Cod. Unataka ushahidi kwamba baridi ilihesabika? Huo hapo: asiye na fedha hakuiacha.

Ndugu Darubini (#24)

Au asiye na fedha alijenga dohani moja kwa sababu ni rahisi kuliko mbili. Matofali ni yale yale, paa linatobolewa mara moja, mwashi analipwa mara moja. Hatujamaliza na bei.

Mpimaji Viwanja (#25)

Nimewasoma tangu juu kwa utulivu, na nina wasiwasi mmoja unaowahusu wote. Mnalinganisha vitu visivyolingana. Nyumba za New England zilizobaki ni za fremu ya mwaloni iliyokalia msingi wa mawe, kwa hiyo hata za wakulima wa wastani zimetufikia. Nyumba za Virginia za karne ya 17 zilikuwa za nguzo za ardhini, kama alivyosema Darubini katika #11, na nguzo huoza. Tumbaku ilichosha ardhi, mwenye shamba akapendelea kuweka fedha katika watu na ardhi kuliko katika nyumba, na karibu zote zimetoweka. Zilizobaki ni za matofali, za watu kama Arthur Allen. Boriti Tatu amefungua uzi kwa kuweka jumba la tajiri wa kusini kando ya nyumba ya mkulima wa kaskazini.

Wasiwasi wa pili unamhusu Mzee Chokaa, kwa heshima. Nyumba nyingine ya Rhode Island ambayo hutolewa mfano kwa ukuta wake wa mawe, ile ya Clemence-Irons kule Johnston, ya 1691, ilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Norman Isham, ambaye aliondoa nyongeza za karne mbili na kuirudisha katika umbo alilolihesabu kuwa la mwanzo. Alikuwa msomi makini. Hata hivyo, ukitazama nyumba hiyo leo unatazama pia hukumu yake. Ndivyo ilivyo kwa Williamsburg yote, mji mkuu wa zamani wa Virginia, iliyofufuliwa kwa fedha za tajiri Rockefeller kuanzia 1926, na kwa mamia ya nyumba ambazo rangi zake, meko zake na hata madirisha yake yalirudishwa kwa kukisia.

Mzee Chokaa (#26)

Mpimaji, mbao na madirisha vinaweza kukisiwa. Ukuta wa mawe wenye dohani ndani yake hauletwi na mkarabati usiku. Ungeniambia tope lililo kati ya mawe yale lina chokaa kiasi gani, hapo ningekaa chini nikusikilize.

Mpimaji Viwanja (#27)

Swali zuri, Mzee wangu, na ndilo hasa ninalotaka liulizwe kwa kila dohani iliyotajwa hapa, kabla ya kuulizwa upande gani ilielekea.

Boriti Tatu (#28)

Nawashukuru. Dada wa Worcester, Johnston si mbali na kwako. Ukipata nafasi ya kufika, tazama chini ya dohani kwa ndani, mahali ambapo hapakunyeshewa, ulinganishe na sehemu iliyo juu ya paa. Kama tope ni la aina mbili, nadharia ya Mzee itabaki hai. Kama ni la aina moja, Kalamu na waashi wake waliotoka sehemu za mawe watapata nafasi ya kujieleza. Na Binti Ramani, bado unadaiwa mwaka ambao dohani ya kati ilipungua Chesapeake.

Binti Ramani (#29)

Deni limepokelewa, lakini Darubini ndiye aliyelitaja kwanza. Naye alete za kwake.